Tumbo na Akili: Bakteria wa Utumbo, Afya ya Akili na Uzito wa Kitenzi

Utangulizi

Mzawa wa Kiswahili hahitaji maabara ili aambiwe kwamba tumbo na akili vina uhusiano. Mtahiniwa anayesubiri matokeo huwa tumbo joto. Maneno makali humkata mtu maini. Mambo yakiharibika, husemwa kuwa yametumbukia nyongo. Nahau hizi zilitungwa na watu waliokuwa wakiisikiliza miili yao, nazo zimeyaweka makao ya hisia chini ya mbavu badala ya kichwani. Katika miongo miwili iliyopita wanasayansi nao wamegeukia tumbo kwa bidii mpya. Wanachokichunguza ni bakteria wanaoishi humo, na swali lao ni hili: je, viumbe hawa wasioonekana kwa macho wana mkono katika huzuni, wasiwasi na utulivu wa binadamu?

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kueleza kwa Kiswahili kile ambacho utafiti umekifikia kuhusu bakteria wa utumbo na afya ya akili. Pili, yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya upotoshaji katika mada hii hutokana na kitenzi kimoja, kusababisha, kinapotumiwa mahali ambapo ushahidi unaruhusu kuhusiana tu. Suala hili linatugusa moja kwa moja sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kwa kuwa wengi wetu huishia kuwa wafasiri, wahariri, watangazaji na waandishi wa vitabu. Mgonjwa anayeisoma sentensi tuliyoiandika anaweza kuamua, kwa nguvu ya sentensi hiyo, kuendelea na dawa yake au kuitupa.

Istilahi kabla ya hoja

Neno kijasumu limezoeleka katika maandishi mengi ya Kiswahili, lakini msomaji husikia sumu ndani yake. Kijidudu nalo humkumbusha mdudu wa kuuawa. Maneno haya yanafaa tunapozungumzia kipindupindu, ila yanampotosha msomaji tunapozungumzia bakteria wa utumbo, ambao wengi wao si adui. Bakteria hawa huvunja nyuzinyuzi za vyakula ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, hutengeneza vitamini K na baadhi ya vitamini za kundi B, na huwanyima nafasi wenzao waletao maradhi. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia neno bakteria, ambalo halitoi hukumu.

Kuhusu idadi yao, watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli walikadiria mwaka wa 2016 kwamba mwanamume wa kilo 70 hubeba bakteria wapatao trilioni 38, ilhali seli za mwili wake ni trilioni 30 hivi. Bakteria wote hao wana uzito wa takriban gramu 200. Makadirio hayo yaliyaondoa madai ya awali kuwa bakteria huzidi seli zetu mara kumi.

Upande wa akili nao unahitaji uangalifu. Msongo wa mawazo ni shinikizo linalomkumba mtu kutokana na hali fulani, na huweza kuondoka hali hiyo inapoondoka. Wasiwasi ni hofu ambayo kila mtu huipata, ingawa hugeuka kuwa maradhi inapozidi kiasi na kudumu. Sonona ni ugonjwa: huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu kwa majuma mawili au zaidi, pamoja na dalili nyingine kama vile kuvurugika kwa usingizi, uchovu na kujiona hufai. Anayeyachanganya matatu haya hawezi kusoma utafiti wowote wa uwanja huu kwa usahihi.

Njia zinazounganisha utumbo na ubongo

Njia ya kwanza ni neva. Neva iitwayo vagasi hutoka katika shina la ubongo na kushuka hadi tumboni. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari kutoka viungo vya ndani kwenda kwenye ubongo, wala si kinyume chake. Kwa hiyo tumbo huueleza ubongo mengi kuliko linavyoelezwa. Isitoshe, ukuta wa utumbo una mtandao wake wenyewe wa neva wenye seli zaidi ya milioni 100.

Njia ya pili ni kemikali. Mfano unaotajwa mno ni serotonini, kemikali ambayo huhusishwa na hali ya moyo. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni, na mwaka wa 2015 watafiti wa California walionyesha kwamba baadhi ya bakteria huzichochea seli za utumbo wa panya kuitengeneza. Hapa ndipo waandishi wengi huruka na kudai kwamba furaha hutengenezwa tumboni. Hata hivyo, serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake huko chini ni pamoja na kukisukuma chakula na kuziamsha neva. Ikiwa inaufikia ubongo, basi inaufikia kwa ujumbe, si kwa kusafiri yenyewe. Bakteria pia huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta, mathalani butirati, ambazo huzilisha seli za ukuta wa utumbo mpana na kuituliza kinga ya mwili.

Njia ya tatu ni kinga hiyo. Ukuta wa utumbo unapodhoofika, vipande vya bakteria huweza kupenya na kuingia katika damu, nao mwili ukajibu kama uliovamiwa. Imeonekana kwamba baadhi ya watu wenye sonona, ingawa si wote, wana dalili za mapambano ya namna hii katika damu yao.

Fauka ya hayo, barabara hii ni ya kwenda na kurudi. Mwaka wa 1822, katika kisiwa cha Mackinac nchini Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi, na jeraha lake likaacha tundu la kudumu lililofunguka hadi tumboni. Daktari William Beaumont alilitumia tundu hilo kuchunguza usagaji wa chakula kwa miaka kadhaa, na katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1833 alieleza kwamba hasira ilivuruga kazi ya tumbo. Akili, basi, nayo hulibadilisha tumbo, na kwa kulibadilisha hubadilisha makao ya bakteria. Ukweli huu ndio unaoufanya ushahidi wa baadaye uwe mgumu kufasiriwa.

Ushahidi kutoka kwa panya

Mwaka wa 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Kyushu nchini Japani, walichunguza panya waliolelewa bila bakteria wowote mwilini. Panya hao walipobanwa mahali finyu, homoni zao za msongo zilipanda kupita zile za panya wa kawaida. Walipopewa aina moja ya bifidobakteria mapema maishani, hali hiyo ilirekebika. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba bakteria wa utumbo hushiriki katika kuujenga mfumo wa mwili wa kukabiliana na msongo, angalau kwa panya.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Cork nchini Ayalandi, akiwemo John Cryan, waliwalisha panya aina ya laktobasili. Panya hao walionyesha woga mdogo zaidi katika majaribio. Neva ya vagasi ilipokatwa, faida hiyo ilitoweka. Mwaka wa 2016 watafiti wa Cork walichukua kinyesi cha wagonjwa wa sonona na kukitia katika utumbo wa panya ambao bakteria wao walikuwa wamepunguzwa kwa dawa. Panya hao walipoteza hamu ya maji ya sukari na kuonyesha dalili za wasiwasi.

Majaribio haya yana nguvu kwa sababu mtafiti mwenyewe ndiye aliyebadilisha bakteria na kisha kuangalia kilichofuata. Udhaifu wake ni kwamba panya hawezi kutuambia amekata tamaa. Tunachokiona ni mwenendo wake, nasi ndio tunaouita huzuni.

Ushahidi kutoka kwa watu

Laktobasili ile ile iliyowatuliza panya wa Cork ilijaribiwa kwa wanaume 29 wenye afya njema, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2017. Haikuupunguza msongo wala wasiwasi kuliko vidonge bandia visivyo na dawa. Jaribio hili halikuufunga mlango, kwa kuwa waliohusika hawakuwa wagonjwa. Lakini liliwakumbusha wasomi kwamba safari kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni ndefu.

Mwaka wa 2019 kundi la Jeroen Raes nchini Ubelgiji lilichapisha uchunguzi wa watu 1,054. Jamii mbili za bakteria, Coprococcus na Dialister, zilipatikana kwa uhaba miongoni mwa wenye sonona, hata baada ya watafiti kuzingatia athari za dawa za ugonjwa huo. Huu ni ushahidi mzito wa uhusiano. Hata hivyo, mtu mwenye sonona hubadilika katika kula, kulala na kutembea, na mambo hayo yote huwabadilisha bakteria. Je, bakteria walipungua kwanza ndipo sonona ikaja, au sonona ilikuja ndipo bakteria wakapungua? Au yote mawili yalizaliwa na jambo la tatu, kwa mfano lishe duni au dhiki ya maisha? Uchunguzi unaowapima watu mara moja tu hauwezi kujibu.

Kuhusu chakula, mwaka wa 2017 Felice Jacka na wenzake nchini Australia walichapisha jaribio la majuma 12 lililowahusisha watu 67 wenye sonona. Waliosaidiwa kula mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni walipata nafuu kamili kwa asilimia 32, ilhali waliopewa mazungumzo ya kirafiki tu walipata nafuu hiyo kwa asilimia 8. Matokeo haya yanatia moyo. Lakini washiriki walijua walichokuwa wakila, idadi yao ilikuwa ndogo, wengi waliendelea na matibabu mengine, na jaribio lenyewe halikuthibitisha kwamba faida ilipitia kwa bakteria.

Historia inavyoonya

Wazo kwamba utumbo huharibu akili si geni, na historia yake haifurahishi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Elie Metchnikoff, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 kwa kazi yake kuhusu kinga, alifundisha kwamba bakteria wa utumbo mpana huutia mwili sumu. Yeye alipendekeza maziwa ya mgando. Wengine walipendekeza kisu. Henry Cotton, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, kuanzia mwaka wa 1907 hadi 1930, aliamini kuwa wendawazimu husababishwa na maambukizo yaliyojificha mwilini. Aliwang'oa wagonjwa meno, akawaondoa tezi za koo, na wengine akawakata utumbo mpana. Alidai kuwaponya hadi asilimia 85. Kwa hesabu yake mwenyewe, karibu theluthi moja ya waliokatwa utumbo walikufa. Uchunguzi uliofanywa hospitalini humo katika miaka ya 1920 ulibaini hali mbaya zaidi, lakini haukuchapishwa.

Cotton hakuwa mganga wa vichochoroni. Alikuwa daktari aliyesoma na kuheshimiwa. Kosa lake lilianza kwa kuchukua kitu kilichowezekana na kukiandika kana kwamba kimethibitishwa, na wagonjwa wakailipa tofauti hiyo kwa uhai wao.

Mfano wa pili unaelekea upande mwingine. Kwa miaka mingi vidonda vya tumbo vilisemwa kuwa huletwa na mawazo, na kauli hiyo bado husikika mitaani kwetu. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia waliwaona bakteria waitwao Helicobacter pylori katika matumbo ya wagonjwa. Mwaka wa 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe, na baada ya siku chache tumbo lake likapatwa na uvimbe. Baadaye ilithibitishwa kwamba kuwaua bakteria hao kwa dawa huviponya vidonda na kuvizuia visirudi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Leo inajulikana kuwa vidonda vingi husababishwa na bakteria hao, au na baadhi ya dawa za maumivu. Hapa kitenzi kusababisha kimestahili kutumiwa: bakteria walipatikana kwa wagonjwa, walipoingizwa katika tumbo zima walilidhuru, na walipoondolewa ugonjwa uliondoka. Uhusiano wa bakteria na sonona haujazipanda ngazi zote tatu.

Mursik, Wahadza na vidonge vya dukani

Tafiti nyingi zilizotajwa hapo juu zilifanywa Ulaya, Marekani, Japani na Australia. Je, zinatuhusu? Mwaka wa 2014 ulichapishwa uchunguzi wa Wahadza 27 wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania kwa kuwinda na kukusanya vyakula vya porini. Walilinganishwa na Waitaliano 16 wa mjini Bologna. Wahadza walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi, na watu wazima miongoni mwao hawakupatikana na bifidobakteria, wale wale ambao huuzwa katika vidonge kama nguzo ya afya. Ni dhahiri kwamba hakuna orodha moja ya bakteria wema inayowafaa wanadamu wote. Mwaka wa 2025 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa wanawake 1,801 kutoka Burkina Faso, Ghana, Kenya na Afrika Kusini, na bakteria wengi wasiojulikana awali wakapatikana. Orodha ya bakteria wetu, basi, ndiyo kwanza inaandikwa.

Hali hii inatupasa kuwa waangalifu tunapovisifu vyakula vyetu. Mursik wa Wakalenjin, kule naoto ya Wamaasai, maziwa lala na uji uliochachushwa ni vyakula vinavyotengenezwa kwa kazi ya bakteria. Laktobasili wa kule naoto walichunguzwa na kuelezwa na watafiti mwaka wa 2004. Tuna haki ya kujivunia maarifa hayo ya mababu. Hatuna haki ya kuandika kwamba mursik hutibu sonona, kwa sababu kuwako kwa bakteria katika kibuyu si ushahidi wa kuponywa kwa mgonjwa.

Uzito wa kitenzi

Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kupima madai ya kisayansi, mradi mwandishi azitumie kwa makusudi. Tuziangalie nne.

Ya kwanza ni uteuzi wa kitenzi. Kuhusiana na kuandamana na vinafaa kwa uchunguzi kama ule wa Ubelgiji. Kuathiri kinahitaji jaribio, na aliyeathiriwa atajwe: panya au mtu. Kuchangia kinadai kuwa jambo ni sababu mojawapo miongoni mwa nyingi. Kusababisha kinadai ushahidi wa kiwango cha Helicobacter. Kutibu kinadai majaribio yaliyorudiwa kwa wagonjwa wenyewe.

Ya pili ni kiambishi hu-. Kiambishi hiki hukivua kitenzi wakati na mtenda mahususi, na ndiyo sababu kimeenea katika methali: mtaka cha mvunguni huinama. Anayeandika kuwa bakteria hutuliza wasiwasi ametunga methali. Anayeandika kuwa bakteria hao walituliza wasiwasi wa panya waliochunguzwa mwaka wa 2011 ameripoti tukio. Matokeo ya jaribio moja yaandikwe kwa -li-; hu- isubiri matokeo yaliyorudiwa.

Ya tatu ni kauli ya kutendesha. Furahisha, huzunisha na changamsha vina usababishi ndani yake hata pale ambapo neno sababu halikutajwa. Kichwa cha habari kisemacho Bakteria Wanaofurahisha kimedai mengi kuliko mwandishi wake anavyodhani.

Ya nne ni kirejeshi cha msisitizo. Kusema bakteria wamo katika chanzo cha sonona ni dai moja. Kusema bakteria ndio chanzo cha sonona ni dai jingine kabisa, kwani ndio hufukuza sababu zote nyingine: urithi, msiba, umaskini, dhuluma za utotoni na upweke. Mahali pa ndio, neno huenda mara nyingi lingetosha. Baadhi ya wahariri huliona huenda kuwa dalili ya uoga wa mwandishi. Katika taaluma, huenda lililowekwa mahali pake ni kipimo cha ushahidi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa zipo njia halisi zinazounganisha utumbo na ubongo. Kwamba bakteria wameathiri mwenendo wa panya. Na kwamba kwa watu, jamii fulani za bakteria zimehusiana na sonona. Bado haijathibitishwa kwamba kuwabadilisha bakteria pekee kunamponya mgonjwa. Kwa hiyo anayeugua sonona asiiache dawa kwa ajili ya kibuyu wala kopo la vidonge vya bakteria. Amwone mhudumu wa afya, na ale vizuri huku matibabu yakiendelea. Akisikia hamu ya kujidhuru, amweleze mtu siku hiyo hiyo.

Kwa upande wetu, inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na wanafunzi wa tiba na wa biolojia katika kuandaa istilahi na maelezo mafupi kuhusu afya ya akili, na kwamba kila andiko la aina hiyo lisomwe na watu wawili kabla ya kuchapishwa: mmoja akague ukweli wa sayansi, mwingine akague vitenzi.